Chupa ya Ndugu

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, alikuja kunieleza kwamba siku hizi wanafundishwa kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona tangu anapoingia mlango wa dharura, wasingoje mpaka afike wodini. Alidhani nitafurahi. Nikamwambia vizuri, mwanangu, hongereni, nikaenda zangu jikoni kumenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kizee haina pa kwenda zaidi ya kwenye viazi.

Sisi wakati wetu tulikuwa na chupa ya ndugu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko huku huku milimani, na wenyewe watajijua. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na mgonjwa mahututi aliletwa kwa machela na wanaume wa kitongoji chake, wakipokezana mabegani kila kwenye mwinuko. Kila nyumba ilitakiwa itoe mtu. Nyumba iliyojitia hamnazo, siku ikifiwa iliachiwa jembe ichimbe yenyewe. Wakishamfikisha mgonjwa kwenye chumba cha dharura, wabebaji hawakuondoka. Walikaa nje chini ya dirisha, wakichoma mahindi, wakingoja kujua watarudi na mtu au na maiti. Kwao lilikuwa jambo kubwa, maana mtu unaweza kumtua kwenye uwanja wa nyumba yoyote njiani, ukapewa maji ukapumzika, lakini maiti haituliwi uwanjani kwa watu. Inakwenda moja kwa moja, na njaa yako begani. Kwa hiyo walichungulia dirishani bila haya wakatuuliza, tunabeba nini?

Na sisi hatukuruhusiwa kusema. Kwetu kumwambia mtu kwamba hatapona ni sawa na kumwapiza, na aliyesema ndiye atakayeulizwa kifo kikija. Daktari alikuwa akimwona mgonjwa wa namna hiyo anajua pale pale. Sasa amfanyeje? Akimrudisha mikono mitupu, wabebaji watauliza wamemtoa mtu nyumbani tangu alfajiri kwa ajili gani. Basi aliinamisha kichwa akatuambia kwa sauti ya chini, mtundikieni. Tukamtundikia chupa ya maji ya chumvi. Ndugu wakiona tone linadondoka walitulia, wakaambiana mgonjwa anapata nguvu. Mgonjwa mwenyewe alibaki na maumivu aliyokuja nayo, tukamwongezea mkono uliovimba kwa kutafutwa mshipa, na mkojo. Tuliwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, jamani, na mishahara tulipokea.

Dawa ya maumivu ilikuwepo. Ilikuwa mofini, kwenye kabati la chuma ukutani, pale pale ndani ya chumba cha dharura, na ufunguo ulining'inia kiunoni kwa sista mkuu. Ilikuwa ya watu wanaokwenda kupasuliwa na waliovunjika mifupa, yaani watu wa kupona. Asiyepona alichomwa pale tu kelele zake zilipoanza kusumbua wodi nzima, akiwa amebakiza pumzi za kukoroma. Watu si wajinga, walitazama. Waliona kila mzee wao aliyechomwa sindano ile hakuiona kesho, wakaipa jina, sindano ya kuagia. Wakawa wanaikataa. Madaktari wakaona watu wanaikataa, wakazidi kuifungia. Hospitali ikawaogopa ndugu, ndugu wakaiogopa hospitali, na aliyelala kitandani hakuulizwa.

Nilikuwa mgeni kazini, nimetoka kusomea uuguzi Tanga. Nilitundika chupa hizo kama nilivyoonyeshwa, na maneno ya kusema nilionyeshwa pia. Unamshika ndugu bega, unamwambia atapata nguvu. Nilikuwa hodari kwa maneno hayo.

Mama yangu alikuwa na saratani ya kizazi. Nikiwa bado Tanga alikuwa ameshabebwa kuletwa pale kwa kutokwa damu, akazibwa damu, akatundikiwa chupa, akarudishwa. Akaletwa tena, ikawa vile vile. Hakuniandikia. Alisema baadaye kwamba huo si ugonjwa wa kumwandikia mtoto. Nilipohamishiwa hospitali ile alinitumia salamu na ndizi, na aliyeleta ndizi alisema mama yako amekonda kidogo, basi.

Masika ilikuwa imeikata barabara ya kwetu, upande wa kuelekea Mtae, gari halipiti. Asubuhi moja machela ikaingia, na kabla sijaona aliyelazwa nilisikia harufu. Nilikwenda kufungua dirisha, kama tulivyofanya sote, na nilipogeuka nikaiona khanga ya mama. Niliijua kwa sababu niliipangia foleni Tanga nusu siku nzima, nikagombana na mwanamke mmoja karibu tuchaniane nguo.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno. Tulipotakiwa kuhamia kijijini, alimzuia balozi wa nyumba kumi mlangoni mpaka alipokubaliwa kuhama na migomba yake, na balozi mwenyewe akabeba mche mmoja. Mwanamke huyo sasa alikuwa ameuma pembe ya blanketi. Nilimsogelea nikampa shikamoo. Akalitoa blanketi mdomoni.

"Mwanangu, nataka kulala," alisema. "Sitaki kingine."

Wabebaji walinieleza kwamba nyumbani hawezi kulala chali wala ubavu. Alikuwa akipiga magoti chini, kichwa akakiegemeza kwenye gunia la viazi, ndiyo usingizi wake. Gunia likipungua viazi waliongeza majani makavu lisimame.

Tulimziba damu ikasimama. Daktari akatazama, akaosha mikono, akaenda kusema neno karibu na mlango. Mara nikamwona mwenzangu, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja na kula sahani moja, anakuja na chupa. Aliitundika bila kunitazama. Alipomaliza alinishika bega.

"Atapata nguvu, dada," aliniambia.

Hivyo ndivyo nilivyopashwa habari kwamba mama yangu anakufa. Nilikuwa nikijua tayari, macho nilikuwa nayo, lakini kuambiwa kwa maneno yangu mwenyewe, kwa mkono ule ule begani, lo, kulinichoma. Niliutoa mkono wake nikamfuata daktari.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamtukana ukapoa. Alikuwa amechoka, viatu vyake vimeliwa na tope kama vyetu. Nilimwomba mofini. Akanieleza taratibu kwamba ile ni dawa ya watakaopona, na kwamba akimchoma kisha mama akafia njiani, ukoo wetu mzima utasema daktari amemuua. Nikasema mimi ndiye mwanawe na sitasema hivyo. Akasema wewe si msemaji, nenda kamwulize mkubwa wenu.

Mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mzee wa kanisa. Baba alikuwa amekwisha kufa, na neno la mjomba ndilo lililofunga mambo yetu. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la Jumapili. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamweleza. Akaniuliza sindano hiyo itamponya? Nikasema hapana. Akauliza, basi ya nini? Akaendelea kunifundisha kwamba maumivu ni kazi ya Mungu na kwamba hataki dada yake achomwe ya kuagia kama mbuzi. Nilimsikiliza nimeuma meno. Mjomba huyo huyo alikuwa ameng'olewa jino hapo hapo hospitalini mwaka uliotangulia, na alivyodai ganzi alisikika mpaka sokoni.

Nikarudi kwa daktari. Nilimwona uso ukimlegea kwa nafuu aliposikia mjomba amekataa. Akatoka mwenyewe mpaka mlangoni, wakapeana mikono, wakaulizana hali ya barabara na viazi. Daktari akamwambia tunafanya kila linalowezekana. Mjomba akamshukuru. Wanaume wawili wazima wenye adabu zao, na nyuma yao, kwenye kitanda cha pembeni, mama yangu alikuwa amelirudisha blanketi mdomoni.

Hapo maji yakanifika shingoni. Nilikwenda kitandani nikafunga mrija, nikachomoa sindano mkononi mwake, nikaitungua ile chupa, nikasimama nayo dirishani mbele ya wabebaji na ndugu.

"Haya ni maji na chumvi," nilisema. "Hayatibu kitu. Tunayatundika ili ninyi mnyamaze. Mama yangu hatapona. Dawa ya kumlaza usingizi iko kwenye kabati lile, na mjomba na daktari wamekubaliana asipewe."

Mbebaji mmoja alivua kofia. Mwingine akatema punje za mahindi mkononi, akashindwa kuzirudisha mdomoni wala kuzitupa. Ndani mle, kwenye kitanda cha jirani, kulikuwa na mwanamke anayemuuguza mumewe, na mumewe naye alikuwa na chupa juu yake. Yule mama aliitazama chupa yangu, akainua macho taratibu mpaka kwenye yake.

"Na hii?" aliniuliza.

Nilijua. Nikageuza uso. Aliendelea kuitazama ikidondoka mpaka jirani yake akamvuta akaketi.

Daktari aliona chumba kinamponyoka. Akamwambia sista mkuu afungue kabati, na alivyolisema ilikuwa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili anyamaze. Sista akafungua kufuli, akavuta dawa, akanipa nichome mimi, ili likitokea la kutokea liwe langu. Nikachoma. Nikakaa sakafuni nikauangalia mkono wa mama. Kidole kimoja kikaachia blanketi, kikafuata kingine. Akajigeuza ubavu, akanyoosha miguu, miguu ambayo ilikuwa haijanyooka sijui tangu lini. Akaanza kukoroma. Jamani, sijawahi kusikia kitu kizuri kama ule mkoromo, nililia nikiwa nimejiziba mdomo nisimwamshe.

Alipoamka jua lilikuwa limevuka juu ya paa, na mama yangu alikuwa amerudi. Alisema ana njaa. Alitaka bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, akauliza kama hospitali hii hupika au huuza harufu tu. Alimwona mjomba akamwuliza hilo koti amekuja nalo kumzika nani. Wabebaji wakaangua kicheko dirishani. Mimi nilicheka pia, na moyo wangu ukafanya upumbavu, ukafurahi.

Mjomba hakucheka. Aliwaambia watu kwamba mnaona sasa, ile chupa ilikuwa inamponya, na huyu binti ameitungua kabla haijaisha. Nao wakamkubalia. Mgonjwa si huyu ameketi anadai bada? Yule aliyevua kofia aliirudisha kichwani akanitazama kama mchawi. Binti amemwapiza mama yake hadharani na Mungu amemwaibisha, ndivyo walivyoligeuza, na habari hiyo ilifika nyumbani kabla ya machela.

Ningeyavumilia hayo. Lakini mchana huo lori la kabichi lilipinduka kwenye kona za kuteremkia Mombo, na majeruhi wakaanza kuletwa wakiwa wamelazwa kwenye turubai. Daktari akapita vitandani akiwatoa watu. Akamwandika mama kuwa ana nafuu, aende nyumbani. Nilimfuata tena, mwanamke nisiye na haya. Nikamwomba amwache hata sakafuni, hata jikoni. Hakupaza sauti.

"Nesi, hiki ni chumba cha dharura," alisema. "Mama yako si dharura."

Nikamgeukia sista mkuu, nikaomba sindano nyingine ya kwenda nayo. Akasema dawa ile haitoki nje ya geti, hata kwa Rais. Alikuwa amekwisha kulifunga kabati, na alipokuwa akisema hivyo mkono wake uliushika ufunguo kiunoni, kama mwizi ni mimi.

Na mama naye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anajifunga khanga. "Twendeni," alisema, "nimepona." Nilitaka kumwambia kwamba hicho kilichoondoka kimekwenda matembezi tu na njia ya kurudi kinaijua. Asubuhi nilikuwa na kinywa cha kuwaambia watu wote, na sasa mbele ya uso ule uliopumzika sikuweza. Nilivua aproni nikaifuata machela bila ruhusa ya mtu.

Alikuwa na furaha njia nzima ya bondeni. Kila tuliyempita alimsalimu kutoka mabegani, akamwambia nimechomwa sindano moja tu, mbona hawakunichoma zamani hawa. Kwenye nyumba moja wabebaji walimtua uwanjani, tukapewa maji na miwa, naye akatafuna kipande. Mimi nilikuwa natazama jua. Nilijua dawa ile hukaa mwilini muda gani, na nilijua mlima wetu.

Tulipoanza kupanda, pale barabara ilipochukuliwa na maji, alinyamaza. Nikaona mkono wake umeshika mti wa machela. Nikaona umeukaza. Akawaambia wabebaji wamtue. Alitambaa akashuka kwenye majani yenye maji, akapiga magoti, akakiweka kichwa chake juu ya machela, vile vile kama kwenye gunia lake.

"Imerudi," alisema. "Rudi ukaniletee nyingine."

Nikamwambia hawatanipa. Nikamwambia imefungiwa. Wabebaji walisogea kando, wakajifanya wanatazama mteremko. Mjomba alikuwa ametangulia mbele na koti lake, hakugeuka. Mama alipumua pumzi fupi fupi, kisha akaniuliza jambo kwa Kishambaa, kwa upole, kama anayeuliza bei.

"Ile mara ya kwanza waliponitundikia chupa, dawa hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama."

"Na mara ya pili?"

"Ilikuwepo."

Aling'oa majani kwa vidole. Nilidhani ni maumivu.

"Bora ungeniacha," alisema. "Nilikuwa nimeshazoea. Nilidhani haipo duniani."

Wakambeba. Kuanzia hapo mpaka nyumbani alikuwa anapiga kelele, mama yangu ambaye asubuhi ile, akishuka njia hiyo hiyo na maumivu hayo hayo, aliuma blanketi tu. Watu aliowasalimu tukishuka bondeni hawakuwepo huku juu kumwona, na nilishukuru.

Mimi nilihamishiwa Mnazi, kule chini kwenye joto, kwa utovu wa nidhamu. Zahanati yetu ilikuwa na aspirini, klorokwini na mkasi. Mama aliishi. Kila mtu alidhani ni wiki, lakini aliishi mpaka mahindi yaliyokuwa machanga masika ile yakakauka shambani, na hakulala ubavu tena. Alipokufa mjomba alisimama kwenye matanga akawaambia waombolezaji kwamba dada yake aliuawa na sindano. Wote walijua kwamba aliishi miezi baada ya sindano ile, maana kelele walizisikia majumbani mwao, na bado wakaguna kumkubalia. Nilimwacha. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mzima hovyo mbele ya jeneza, na nilikuwa na yangu ya kufikiria.

Nilikuwa nafikiria mara ya mwisho nilipopanda kumwona kutoka Mnazi. Nilimkuta amepiga magoti, kichwa juu ya gunia. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alinyoosha mkono akauvuta mfuko wangu, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukiweka chini: sabuni, sukari niliyoipangia foleni, khanga mpya, vidonge vya aspirini kwenye karatasi. Akaingiza mkono tena mpaka kwenye kona za mfuko. Akaugeuza nje ndani, akaukung'uta. Kisha akakirudisha kichwa kwenye gunia, uso ukutani.

"Nenda kapike," aliniambia.